Pindo la Ndani

Jumanne moja ya mwezi wa tatu
mizani ya Kipsoi, pale kando ya lango la soko,
shilingi kumi kupanda,
ilitua nilipoiomba itue:
sabini na mbili.
Kipsoi akainakili kwenye kipande cha pakiti ya maziwa,
taratibu, kama karani wa cheti cha ndoa.
Nikampa ishirini. Chenji nikamwachia.

Mwaka mzima na miezi saba nilikuwa nateremka,
na watu hupenda kumtazama mtu akiteremka.
Kanisani walinigeuza huku na huku
kama sufuria mpya.
Shangazi alipiga simu kutoka Butere, usiku, sauti chini:
"Niambie mimi tu. Unaumwa nini?"
Nikacheka hadi salio lake likaisha.

Jumatano hapakuwa na kitu.

Niliamka saa kumi na moja kwa mazoea,
baridi ya Nakuru ikinitafuna masikio,
nikaketi kitandani na kiatu kimoja mguuni.
Sasa naenda wapi?
Jana kulikuwa na namba mbele yangu.
Leo namba iko juu ya friji,
inanuka maziwa.

Tumefundishwa kwamba mpanda ngazi hushuka.
Hakuna aliyetutungia methali
ya yule anayebaki palepale kwenye ngazi,
amekamata, vidole vinamuuma,
na waliokuwa wakimshangilia chini
wameshakwenda kunywa chai.

Chapati zilirudi wiki ya tatu.
Hazikubisha hodi kwa kishindo:
moja ya mvua,
moja ya matanga ya jirani,
moja kwa sababu Ayitso amepika mwenyewe
na anakuangalia mdomoni.
Sabini na nne na nusu.
Safari hii Kipsoi hakuandika.
Alitazama kando kwa adabu,
kama aliyeona kamisi ya mtu ikichungulia.

Ndipo nikabeba gauni la kijani hadi Bondeni,
kwa fundi Mwanahawa.
"Limeanza kunibana tena," nikasema,
nikatazama sakafu, vipande vya nyuzi, paka.
Akaligeuza ndani nje.
Huko, ubavuni, kulilala kitambaa chote cha zamani,
vidole vinne kila upande,
kimekunjwa, kimenyamaza.

"Hukukata?"
"Sikukata."
"Kumbe hukuniamini."
Alikuwa na pini tatu midomoni,
kwa hiyo jibu lilichukua muda.
"Mwanangu, mshono unashikwa na nini?
Ungetaka nikate hadi ukingoni
ungeinama mara moja tu, mbele ya watu,
likafumuka lote.
Hili pindo ndilo limekuvalisha."

Hakulilegeza. Alilipiga pasi, akanirudishia,
akakataa pesa, kisha akazichukua.

Sikupata ufunuo njiani.
Nilinunua sukuma wiki, nikakanyaga tope,
nikapanda ngazi za nyumbani hadi ghorofa ya nne
na mfuko wa viazi mkono mmoja,
na nilipofika juu nikagundua
kwamba sikushika ukuta.
Nilisimama pale mlangoni kama mgeni.
Kuna mwanamke wa kilo mia moja na tisa
aliyekuwa akipumzika ghorofa ya pili
akijifanya anatafuta ufunguo mkobani.
Kwa nini nilitaka kumkata?
Ndiye aliyenipandisha.

Alfajiri hii taa za London hazijazimwa.
Huko juu Menengai inafuka mvuke wake,
haipungui, haiongezeki,
na hakuna anayeipigia makofi.
Mguu mmoja una kiatu.
Simu haijalia. Hakuna namba.
Shangazi bado ananiombea.
Nainama, bila kuzuia pumzi kwanza,
nafunga kamba za cha pili.