Vifuniko vya Mbuyuni

Jumanne asubuhi Heiji wa Osaka alinunua vifuniko saba
vya sufuria, bila sufuria hata moja.
Alivigonga kimoja kimoja kwa ukucha,
akasikiliza, akakirudisha kipya kinachong'aa,
akachukua kilichopinda.
Mama Ndeshi alimtazama kama mtu
achaguaye mchumba kwa kumsikiliza akikohoa.
"Huyu anapika nini?" akaniuliza.
Sijui bado, mama. Jioni ndiyo tutaonja.

Mimi ni Anaeli, tromboni ya pili,
usharika wa Kiboriloni, mwaka wa thelathini na moja
wa kupuliza kilichoandikwa.
Noti ikiwa duara tupu, naivuta mapigo manne;
ikiwa na mkia, naikimbiza.
Kosa nalijua kwa shingo ya mwalimu Ndelilio:
hugeuka polepole, kama bawaba kavu.

Ghala lilikuwa la kahawa, nyuma ya stesheni.
Kahawa ilishaondoka, harufu ikagoma.
Jagoda alikuja kutoka Poland na besi refu kama jeneza;
shingo yake ilivunjika ndegeni.
Fundi Kiwelu wa Majengo, mtengeneza vitanda,
akaiunga kwa gundi na vibanio viwili,
akalala karakana usiku huo asije mtu akaigusa.
Sasa lina kovu, na penye kovu
sauti inakwaruza. Jagoda hurudi hapo hapo,
kama ulimi kwenye jino lililomeguka.

Nikauliza: tunaanzia ufunguo gani?
Jagoda akacheka, akafungua viganja. Vitupu.
Heiji akainama kama anayepokea zawadi.
Kipolandi sijui, Kijapani sijui,
na Kiingereza chetu sisi watatu, tukichanga,
hakitoshi kununua kilo ya sukari.

Kifuniko kikasema ti.

Kimya.

Kingine kikalia kama ng'ombe
aliyeitwa kwa jina la jirani.
Besi likakwaruza kovu lake.
Mimi nimeshika tromboni
kama mgeni aliyepakatishwa mtoto wa watu.
Kwa mazoea nikachungulia stendi ya noti:
palikuwa na chupa ya maji.

Kisha mvua, ile ya Aprili
ishukayo mlimani bila hodi,
ikalipiga bati lote kwa mara moja.
Kanisani tungesimama, tungeingoja ipite.
Heiji akainua uso, akashusha mikono,
akaipisha, kama umpishavyo mkubwa kwenye benchi.
Mvua ikapiga peke yake. Ikapiga sana.
Hapo ndipo nikapuliza.
Haikuwa noti. Yalikuwa mate na pumzi
na sauti ya marehemu baba
akifukuza ngedere migombani.

Nikageuza macho kumtafuta Ndelilio.
Hapakuwa na shingo iliyogeuka.
Jagoda alilichukua kosa langu,
akateremka nalo kwenye nyuzi nene,
akanirudishia limevaa viatu.

Tulipiga mpaka umeme ukakatika, na baada ya hapo.
Wasikilizaji kumi na mmoja,
wanne kati yao walikuwa wamekimbia mvua.
Msuya mlinzi alimulika tochi mlangoni:
"Nilidhani mnahamisha makabati.
Endeleeni, ila geti nafunga saa nne."

Alhamisi waliondoka. Heiji akaniachia
kile kifuniko kilichopinda.
Mke wangu anafunikia maharage; hakikai sawa,
mvuke ukipanda kinaanza kuongea,
ti, titi, halafu kinanyamaza pale
nisipotarajia.
Naambiwa njoo ule, chakula kinapoa.

Jumapili, ubeti wa tatu,
mdomo wangu ulichelewa pigo moja.
Makusudi au la, mwenyewe sijui.
Ndelilio akageuka.
Safari hii akakaa hivyo kidogo,
sikio moja limenielekea,
kisha akarudi kwenye karatasi yake.
Baada ya ibada hakusema kitu, nami sikumuuliza.
Nilitoka nje, nikamwaga mate ya tromboni kwenye nyasi,
tone, na tone,
nikisikiliza.