Suruali Yenye Mlango Nyuma

Siku tatu kabla, waliniambia: acha kila chenye mbegu.
Acha kimchi, acha mwani, acha wali wa kahawia.
Nikala uji mweupe,
mimi Ok-bun, fundi wa zipu hapa Mokpo,
ambaye hata zabibu nazila na kokwa zake.

Usiku ule, lita mbili za maji ya dawa.
Ladha yake? Limau lililolala ndani ya kiatu.
Glasi, robo saa, glasi, robo saa,
halafu tumbo likageuka mfereji wa masika,
mimi na choo tukawa chanda na pete.
Alfajiri nikawa natoa maji ya manjano, maangavu.
“Hivyo ndivyo wanavyotaka,” alisema Mi-ran,
mke wa mwanangu, nyuma ya mlango.
Sikuwa nimemuuliza.

Kliniki wakanipa suruali yenye mlango nyuma.
Nikaipindua. Mshono wa haraka, uzi wa bei rahisi,
pindo limekwenda upogo kama mlevi.
Aibu yangu yote ikaishia kwenye pindo lile.

Lala ubavu wa kushoto. Magoti kifuani.
Dawa chungu kooni, ulimi ukawa wa kuazima.
Meno yakauma kipande cha plastiki.
Muuguzi akasukuma mshipani kitu cheupe kama maziwa:
“Itawasha kidogo.”
Ikawasha kidogo.
Nilitaka kuhesabu hadi kumi. Nilifika mo—

Hapa sina cha kusimulia.
Jicho liliingia kwa juu, kisha kwa chini,
likatembelea vyumba
ambavyo mimi mwenye nyumba sijaviona.

Nikaamka nimejaa hewa. “Jamba, mama, usione haya.”
Na kweli, nyuma ya kila pazia
watu wazima walikuwa wakitii.

Daktari Bong akanigeuzia kioo: vinyama viwili,
kama vishikizo vya shati la kichanga.
Vimekatwa. Vimekwenda maabara. Rudi baada ya siku saba.
Hakusema usiogope.
Hakusema ogopa.
Alisema: leo usiendeshe gari, usishike mkasi.

“Na nilisema nini usingizini?”
Maana sokoni wanasema kule watu hutoboa siri.
Muuguzi akacheka: “Ulitugombeza kwa ajili ya pindo!”

Mi-ran hakucheka.
Alikuwa ameinama, ananifunga kamba za viatu,
polepole, fundo juu ya fundo,
kama mtu aliyesikia na jingine
akalikunjia ndani.