Jiliwa la Trifon

Nilimlipa Trifon, sokoni Jumapili,
pesa ya mboga ya juma zima,
nikashuka na jiliwa lenye kutu nene kama gome
hadi karakana yangu ya chini ya ardhi, hapa Gabrovo,
ambako dirishani huonekana viatu vya watu tu.

Nedyalka akauliza: umenunua chuma au udongo?

Nilianza na siki. Siki haina haraka.
Ilikaa siku tatu ikanirudishia
maji ya rangi ya chai
na kutu iliyooga, imeridhika.

Nikachukua chupa ya kusafishia choo, yenye picha ya fuvu.
Sheria naijua: asidi huingia majini,
maji hayamwagwi juu ya asidi.
Nilivaa miwani, glavu, na kofia ya marehemu mama.
Ilifoka. Ilifanya kazi, sitaisingizia.
Ila mvuke wake ulitembea usiku,
na asubuhi patasi zangu kumi na moja, pale ukutani,
zisizo na kesi na mtu,
zote zilikuwa zimeota manyoya mekundu.

Jirani Stoyanka akasifu pipa lake la kabichi:
maji yake, alisema, hung'arisha hata dhamiri.
Yalitafuna, kweli. Lakini mna chumvi mle,
na chumvi na chuma ni wake wenza.

Mwisho wa yote, kabatini, nyuma ya sukari:
vipakiti vya unga mkali wa ndimu
ambao Nedyalka hutia kwenye jamu.
Vijiko sita, maji ya vuguvugu, ndoo ya plastiki.
Hapana moshi. Viputo vidogo tu,
kama mtu anayewaza.

Kesho yake nilisugua, nikasuuza kwa magadi,
nikapaka mafuta upesi, hewa isipate habari.

Ndipo nikauona ufa,
toka taya hadi shingoni,
umezibwa kwa shaba ya manjano.
Trifon! Mficha maradhi!
Nikavaa buti.

Kwenye ngazi nikasita, nikarudi.
Nikabana bomba, nikakaza mpini
hadi mikono ikatetemeka.
Ufa haukusema neno.
Fundi fulani, sijui wa lini,
aliuziba bila pupa, akaupiga msasa
hata ukucha haukwami.

Nikavua buti.

Kumbe ni chuma, akasema Nedyalka mlangoni.
Mkononi ana sufuria ya matufaha,
anatafuta unga wake.
Zimebaki patasi kumi na moja.
Sijamjibu.