Kitunguu Saumu

Leo darasa linanuka kama jiko la harusi.
Tangu kengele ya kwanza tunatwanga vitunguu saumu,
tunachuja maji yake kwa soksi ya Nazeli
(safi, ameapa). Mkuu wa shule kachungulia,
kaziba pua, karudisha mlango taratibu
kama aliyekuta watu wakioga.

Nje ni Gyumri, Januari, theluji imemeza baiskeli.
Ndani jiko la kuni linakohoa.
Nawaambia: wanakili wa kale, kwenye nyumba za watawa,
hawakuwa na gundi ya dukani.
Walikuwa na haya maji. Na pumzi.

Kila mtoto herufi ya kwanza ya jina lake,
na kila herufi iwe ndege:
shingo ibebe mstari, mkia ufunge mzunguko,
lakini isomeke, jamani, isomeke.
Vagharsh kachora kuku. Mbona kuku?
"Mwalimu, ndiye ndege ninayemjua."
Sikuwa na la kujibu. Nikampimia wekundu wa wadudu,
nilioutunza tangu chuoni, punje chache
kama chumvi ya yai moja.

Dhahabu ni majani matatu, watoto kumi na tisa.
Nayakata huku nimebana midomo.
Msicheke, msipige chafya,
jani hili likisikia kicheko linahama nyumba.

Hrayr hakuchora herufi yake.
Tangu vuli hasemi asipoulizwa,
na akiulizwa, neno linamkwama kama mwiba wa samaki.
Kachora S, ambayo kwetu ni bakuli lisilo na kifuniko:
korongo wawili wameungana miguuni,
juu, kati ya midomo yao, pako wazi.
S ya Samvel, babaye,
anayepaka rangi kuta za watu huko Krasnodar.

"Pumua," nikamwambia. "Usipulize.
Pumua kama kwenye kioo unachotaka kukiandika."
Akainama. Pumzi ikatoka ndefu, haikukwama popote,
maji ya saumu yakaamka, yakang'aa.
Kipande cha mwisho kikashuka, kikasita,
kikashika kidole gumba.

Darasa zima: aah.
Naye kakiinua juu, kidole cha dhahabu,
kama anayeomba ruhusa ya kutoka.

Wanakili walimalizia kazi kwa maneno chini ya ukurasa:
baridi, macho, wino ulioganda, msinilaumu.
Nikawapa dakika kumi.
Nazeli: "Soksi ilikuwa safi."
Vagharsh: "Kuku huyu tulimla Mwaka Mpya. Anisamehe."
Hrayr, kwa mkono wa kushoto, akiulinda wa kulia:
"Simu ya baba haishiki tangu Jumapili.
Dhahabu imeshika, ila si mahali pake."

Saa mbili usiku, daftari la alama liko wazi,
vidole vyangu vingali vinanuka.
Kwenye mstari wake nimeandika namba, nimeifuta,
nimeiandika tena.
Alipotoka kwenda kwenye theluji
alikuwa amevaa glavu moja.