Uwanja Mweupe wa Kitulo

Kila siku ya kumi na sita nafagia.
Uwanja wa saruji, hatua arobaini kwa arobaini,
umepakwa rangi nyeupe kama sembe,
na ng'ombe wa shamba la maziwa hawaelewi
kwa nini wafukuzwe hapo.

Saa nne na dakika saba setilaiti inapita.
Siioni. Juni imenikaza vidole,
sakitu imelala juu ya nyasi,
nami nimeshapangusa saruji kwa gunia,
maana sakitu nayo ni nyeupe, na inadanganya.

Kule juu, aliniambia injinia Tweve,
chombo hakianzi na sisi.
Kwanza hutazama kibamba cheusi
kilichofungwa ndani ya tumbo lake,
kisha hugeuza shingo kwenye giza tupu,
ndipo kishuke kwetu:
viazi, pareto, moto wa nyika,
bati jipya la dada yangu Matamba.
"Ila hata kibamba huzeeka," akasema.
"Nyani haoni kundule. Ndiyo maana upo wewe."

Mwezi wa nane ukaja ujumbe:
weupe wako umepungua, mbili katika mia.
Ni rangi, au ni jicho?

Nilikasirika.
Nikapiga magoti, nikausugua uwanja kwa brashi ya kufulia,
nikapima kwa kijisanduku chao mara thelathini,
nikaandika kwa wino.
Rangi ilikuwa ile ile.
Basi ni jicho, wakajibu, tumelirekebishia hesabu.
Hakuna aliyelilaumu. Jua limelipiga miaka tisa.

Jioni ile nilikula kwa mama.
Maharage, chumvi tupu.
Mwaka juzi ilizidi kidogo,
mwaka jana kidogo tena,
na sisi, watoto sita wa Anyelwisye,
tukameza, tukaomba maji, tukasifu mkono wake.
Nani angempelekea ujumbe?

Jumapili nikabandika sufuria ya pili kando ya yake,
kijiko kimoja cha chumvi, kimesawazishwa kwa kisu.
"Onja hii, mama. Sasa onja yako."

Akaonja. Akarudia.
Akakiweka kijiko chini polepole
kama mtu anayeweka yai.
"Tangu lini?"

Za uwanja ninazo zote, tarehe na dakika,
hata siku ya mawingu nimeandika: mawingu.
Hilo sikuwa nimeliandika popote.