Kisanduku cha Sita

Nilianza na shikamoo, kama nilivyolelewa.
Dirisha likacheka. "Wewe ni wa Tanzania," likasema,
"ngoja hapo pembeni, wageni wana fomu yao."

Hiyo ilikuwa Jumatatu, posta ya Kisumu,
kalamu imefungwa kwa uzi mfupi
hata saini yangu ikakatika katikati.
Mkononi karatasi nyekundu:
mzigo wako umefika, kilo mbili, Bukoba,
ada ya kuhifadhi inahesabiwa kuanzia leo.

Mama aliandika Koku.
Pasipoti inasema Kokushubila.
Kadi ya mgeni inasema Kokushubira,
maana aliyeichapa alisikia R
na mashine haisikii maombi.
"Hawa ni watu watatu," akasema Bi Aduol wa dirisha la nne,
bila ubaya, akipanga sarafu.
"Ni yupi kati yenu amekuja?"

Jumanne mtandao ulikuwa chini.
Jumatano nilisimama kwa kijana wa fotokopi
nikatolewa nakala mbele na nyuma, shilingi kumi kumi,
mpaka nikawa wengi kuliko foleni.
Alhamisi wakili akapiga muhuri kwamba mimi ni mimi.
Mia tano, kuambiwa hivyo.

Sikukasirika. Nilikaa kwenye benchi nikaihesabu njia:
Bukoba hadi Mwanza,
Mwanza hadi Dar, mzigo ukalala;
Dar hadi Nairobi, ukafunguliwa, ukafungwa;
Nairobi ndipo ukateremka kuja huku.
Siku thelathini na nne
kulizunguka ziwa ninaloliona nikiwa jikoni kwangu.
Na gugumaji, lisilo na jalada wala jina la pili,
huamkia upande wowote upepo unaotaka.

Ijumaa. Chumba cha nyuma. Bwana Wesonga wa forodha,
wembe, utepe wa njano, mizani.
"Kilo moja na robo tatu," akasoma.
Tukatazamana.
Ile robo haikuwa na miguu ya kuondokea.
Mama aliing'oa yote.

"Ni nini hii?"
Senene.
"Ni nini?"
Panzi, nikasema, wa kijani, wa Novemba,
wanaokuja usiku na mvua,
wamenyonyolewa mabawa mmoja mmoja
na mwanamke wa miaka sabini na moja
anayesogeza taa karibu ili aone,
wakakaangwa kwa chumvi na kitunguu.
Akafungua kitabu cha ushuru. Akatafuta S. Akatafuta P.
Akapata pamba, pampu, pareto.
"Wadudu hai wana kibali chao. Hawa?"
Hawa wamekufa vizuri, nikasema.

Akacheka kidogo, kama mtu aliye peke yake.
Akasema kwao Butere ni kumbikumbi,
kwamba nyanya yake alikuwa akigonga vijiti juu ya kichuguu
taratibu, taratibu,
kuwadanganya kuwa mvua inanyesha, watoke.
Nikamsogezea mfuko.
Akachukua mmoja. Akachukua wanne.
Akapangusa vidole kwa leso, akawa tena serikali.

"Lakini hapa," akaigeuza fomu ya Mama,
"kisanduku cha sita. Thamani ya bidhaa.
Hii si namba."
Nikainama nisome. Mwandiko ule unaoegemea kushoto,
wino umelowa safarini:
*ni wa Koku.*

Mlangoni mtu alikuwa akikohoa, akisubiri zamu yake.
"Nikuandikie ngapi?" kalamu imesimama hewani.
Andika chochote mfumo unachokubali, nikasema,
na sauti haikutoka sawa.

Akaandika *elfu moja* pembeni, kwa herufi ndogo.
Maneno ya Mama hakuyafuta.
Akapiga muhuri juu ya yote mawili.
Ushuru na hifadhi, mia nane na tisini.
Nikatoa noti ya elfu.
Chenji haikuwepo.
Nije Jumatatu.