Uondoe Jiko

Saa kumi na mbili na nusu, Nyamugo bado ina ukungu,
naweka mbabula juu ya ndoo niliyoipindua,
naifuta kwa pindo la kitenge
kama mtoto anayepelekwa komunyo ya kwanza.
Picha ya kwanza, kidole changu kimeingia.
Ya pili, kuku wa jirani.
Ya tatu naikubali, naandika chini yake:
*Mbabula imara, hazili makala.
Bei maelewano. Ulizia Mama Ansima,
ngazi za mawe, chini ya kinyozi.*

Murhula hana habari na mambo haya.
Yeye anajua bati, udongo na nyundo.
Sikio lake la kulia lilifia kazini.
Nikimwambia, "Watu mia na arobaini na mmoja wameiona,"
anageuza lile zima:
"Wamekaa wapi?"

Nami najiuliza.
Sokoni watu mia na arobaini na mmoja
wangeacha walau mdomo mmoja wa kutukana bei.
Hawa wanapita kimya, macho yasiyo na miguu.
Shemeji ameacha dole gumba.
Dole gumba halipiki maharage.
Mmoja ameuliza, "Iko nyekundu?"
Mwingine, "Mwisho ngapi?"
nikamjibu, akalala, hadi leo hajaamka.
Na unite za wiki zimekula kilo nzima ya unga.
Murhula hanisuti. Anagonga tu bati,
na hilo ndilo tangazo lake, mwaka wa kumi na tisa sasa:
mtaa mzima unajua kumekucha.

Usiku ule umeme ulikuwa umekatwa,
simu ina asilimia nne,
ujumbe ukaingia kwa namba yenye mwanzo nisioujua.

*Mama, samahani. Sitaki kununua.
Huo mlango wa kijani nyuma,
bawaba yake ya chini ni ngozi ya kiatu.
Kiatu kilikuwa cha baba.
Naomba upige tena picha. Uondoe jiko.*

Nikamsomea Murhula gizani. Alisikia nusu.
"Nani huyo anayetaka niondoe jiko?
Mwambie nimekuoa kanisani!"
Tukacheka hadi mtoto akaamka,
kisha simu ikazima,
nikabaki macho wazi.

Wiki tatu nimeisugua mbabula ing'ae,
kumbe mwenzangu anatazama bawaba.
Sisi tumepanga tu.
Mwenye nyumba alinunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu,
na katika makaratasi yote yale
hakuna jina la aliyekata kiatu chake
ili mlango usilalie udongo.

Asubuhi nikaondoa mbabula, nikaondoa ndoo.
Kuku nikamwacha.
Nikapiga picha kumi na moja.
Bawaba. Tundu la komeo. Rangi ilipobanduka
na nyingine, ya buluu, ikachungulia chini yake.
Na kwenye mwimo, ile mistari ya penseli
ambayo miaka yote nilidhani ni hesabu ya fundi matofali:
mitano, ule wa juu unanifika kifuani.

Zikaondoka moja moja, kama wazee wanaopanda Cimpunda.
Kwenye ya tisa unite zikaisha.
Mbili za mwisho nilikopa kwa Mugoli wa butike,
naye akaniandika kwenye daftari: *Ansima, mlango.*

Siku mbili kimya.
Kisha: *Mstari wa tatu kutoka chini ni mimi.*
Basi. Hakuandika kingine,
wala mimi sikuuliza ile miwili ya juu wako wapi.

"Amelipa?" anauliza Murhula.
"Hapana."
Akapuliza vumbi la bati, akaingia ndani,
akatoka na tambara lenye mafuta ya taa,
akaipaka ile ngozi, taratibu, isije ikapasuka.

Leo nimepiga tangazo jipya.
Mbabula ileile, maneno yaleyale, bei maelewano.
Ila ndoo nimeisogeza kidogo kushoto,
mwimo uonekane.